Nondo za Daktari wa Kuta

"Kama ukuta ni mzima, Shemeji, mbona kitanda chako kimehamia bandani?"

"Joto."

"Joto! Kwa hiyo umekwenda kutafuta ubaridi chini ya mabati?"

"Mimi mabati nayapenda. Nimekulia kwenye mabati."

"Godoro ulilibeba kichwani ardhi ikiwa bado haijatulia. Umevaa bukta na kiatu kimoja. Hata 'jamani tokeni' hukusema."

"Nilidhani mmesikia."

Hayo yalikuwa yakisemwa uani, kwa sauti ambayo majirani hawakuhitaji kusogea dirishani ili waisikie, ingawa walisogea. Aliyekuwa akishambulia ni Mama Sindano, mshonaji nguo, mama wa watoto watatu, ambaye mumewe aliondoka kwenda kutafuta kazi na mpaka leo anaitafuta. Aliyekuwa akishambuliwa ni mwenye nyumba, mume wa marehemu dada yake, mtu aliyeweza kuichemsha chai mara tatu kwa majani yaleyale na kuisifia.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya matofali ya kuchoma, ghorofa moja, imetazama barabara. Mama Sindano na wanawe walikaa juu, chumba cha pembeni. Wiki iliyopita ardhi ilikuwa imetikisika kwa muda wa mtu kuuliza "nini hicho?" na mwenzake kujibu "sijui." Haikuanguka nyumba hata moja mtaani. Lakini kwenye pembe ya chumba cha Mama Sindano, pale ukuta wa barabarani ulipokutana na ukuta wa ubavuni, ulibaki ufa uliopanda kutoka sakafuni mpaka darini.

"Huo ufa ulikuwepo tangu enzi za marehemu," alisema mwenye nyumba.

"Ulikuwepo kama uzi. Sasa naingiza kidole."

"Una vidole vyembamba."

"Nitamwita Mkaguzi wa majengo."

"Mwite." Mwenye nyumba alikunja mikono. "Aje na kopo lake la rangi nyekundu, apige msalaba wake hapo mlangoni. Ukishapigwa, watu wote nje kabla jua halijazama. Utalala wapi na wanao? Kwa Mkaguzi?"

Safari hii shemeji yake alikuwa amesema kweli, jambo ambalo Mama Sindano hakuwa amelizoea. Akikaa kimya, ukuta unaweza kuwaangukia wanawe. Akisema, wanawe wanalala barabarani. Alichokitaka ni kitu kimoja tu, ukuta ule ushikiliwe kabla ardhi haijatikisika tena, na mwenye uwezo wa kuushikilia alikuwa amesimama mbele yake akisifia mabati.

Kuna watu wakisikia ugomvi hupita upande wa pili wa barabara. Wengine husimama ili wapate la kusimulia nyumbani. Bwana mmoja aliyekuwa akipita nje ya ua ule aliposikia "ufa," "ukuta" na "Mkaguzi" yakifuatana, alisimama, akafungua mkoba, akatoa kofia ngumu ya njano, akaivaa, na palepale akawa mtaalamu.

"Samahanini sana," alisema kutoka langoni. "Msiuguse huo ukuta."

Wote wawili wakaondoa mikono, ingawa hakuna aliyekuwa ameugusa.

"Wewe nani?" aliuliza mwenye nyumba.

"Watu huniita Daktari wa Kuta. Mimi mwenyewe jina hilo silipendi, linanikweza mno." Alikuwa ameshaingia uani na kutoa kifaa cha hospitali cha kusikilizia mapigo ya moyo, akakitia masikioni, akaweka ncha yake ya chuma kwenye matofali na kufumba macho. "Nyamazeni kidogo. Unalalamika."

"Nani?"

"Ukuta, mzee. Nani mwingine?"

"Hapa analalamika mtu mmoja tu, mimi," alisema Mama Sindano, "na sikuhitaji kifaa."

Daktari alimtazama kwa heshima mpya. Akaomba boksi la vifungo ambalo Mama Sindano alikuwa nalo kwapani, akamwaga vifungo chini, akalisimamisha boksi tupu juu ya ndoo iliyofudikizwa.

"Tofali, mama, haliogopi mzigo. Libebeshe tofali jingine, na jingine, na jingine, litavumilia tu. Linachoogopa ni kuvutwa. Likivutwa linaachia. Sasa ardhi ikitikisika haiikandamizi nyumba. Inaisukuma huku na kuivuta kule. Huu ukuta wa mbele unataka kwenda barabarani, ule wa ubavuni unakataa kufuatana nao. Pembe inaachana. Na ukuta ulioachwa peke yake..." Alichana pembe za boksi kwa kucha, akausukuma upande mmoja kwa kidole. Ukalala chali.

Mama Sindano aliutazama ule upande wa boksi uliolala. Hakuwa akiona boksi.

"Sasa tazama." Daktari aliusimamisha upya, akalizungushia boksi lote utepe wa kupimia uliokuwa shingoni mwa Mama Sindano, akakaza fundo, akasukuma. Boksi zima lilisogea, lakini hakuna upande uliolala. "Kuta zote nne zimeshikana mikono. Mmoja akisukumwa, watatu wanamzuia. Kwenye nyumba, utepe wetu ni nondo. Inapita chini ya mbao za sakafu ya juu, kutoka ukuta huu hadi ule wa pili, inatokeza nje, inavalishwa sahani ya chuma na nati. Ukikaza spana, kuta zinabanwa pamoja."

Na hapa lazima haki itendeke. Kila neno alilosema bwana yule lilikuwa kweli tupu. Aliwahi kubebea maji mainjinia waliokuwa wakifunga ghala la zamani kwa nondo, akawasikiliza kwa makini siku zote alizokaa nao, mpaka walipogundua kwamba nati zao zinauzwa sokoni. Aliondoka na kofia yao na maneno yao. Tangu hapo alikuwa akiuza rangi ya kufukuza mbu, ambayo mbu waliipenda sana, lakini maneno ya mainjinia aliyatunza akijua yatakuja kumfaa.

"Bei?" aliuliza mwenye nyumba.

Daktari akaitaja. Mwenye nyumba akashika kifua, mahali ambapo kile kifaa kingeweza hatimaye kufanya kazi yake halali.

"Shemeji," alisema Mama Sindano, na sauti yake haikuwa ya ugomvi tena. "Nakuomba. Fanya hili. Kodi sitachelewesha hata siku moja."

"Tutaona. Daktari, hebu twende pembeni."

Bandani, kando ya kitanda kilichofuata ubaridi, mwenye nyumba alifunga mlango.

"Hakuna namna ya bei ndogo?"

"Namna ndogo ipo, mzee. Ila si ya kuisema mbele ya mama."

"Sema."

"Huyo Mkaguzi hukagua akiwa wapi?"

"Garini."

"Hashuki?"

"Kwa tumbo lile?"

"Basi anachoweza kuona ni sahani ukutani. Nondo hukaa ndani ya nyumba. Nani anaiona nondo?"

Mwenye nyumba alifikiri, halafu uso wake ukafunguka taratibu. Wakapeana mikono. Walitazamana kwa mapenzi ya watu wawili ambao kila mmoja ana hakika kuwa mjinga ni mwenzake.

Kazi iliisha asubuhi moja. Sahani nyeusi zilijipanga ukutani usawa wa sakafu ya juu, zimepakwa rangi ikang'aa, kila moja na nati yake katikati. Watu waliopita walisimama kuzitazama. Gari la Mkaguzi nalo lilipita. Mkono ulitokeza dirishani, ukainua kidole gumba, ukarudi ndani. Mwenye nyumba alikaribia kucheza.

Mama Sindano alirudi kutoka sokoni na mzigo wa vitambaa, akasimama chini, akatazama juu.

"Daktari. Hizo nondo zimepita wapi? Chumbani kwangu hajaingia mtu."

"Tumetumia teknolojia mpya, mama. Nondo fupi."

"Fupi kiasi gani?"

"Fupi sana."

Alipanda chumbani kwake, akafungua dirisha, akainama nje, akanyoosha mkono mpaka kwenye sahani iliyokuwa karibu. Aliigonga, ikajibu kama chombo cha jikoni. Akaikwangua rangi kwa kucha. Katikati, kando ya ile nati, palikuwa na matundu mawili ya mahali ambapo kishikio kiling'olewa. Ulikuwa mfuniko wa sufuria, umejazwa saruji na kubandikwa.

Mchana huohuo ardhi ilipiga mwayo. Si tetemeko la kutajwa, vikombe vililia kabatini na basi. Lakini Mama Sindano alipoingiza kidole kwenye ufa, kilifuatwa na cha pili bila kusukumwa.

Alihamisha vitanda vya watoto mbali na ukuta ule. Chumba kilikuwa kidogo, na mbali yenyewe haikuwa mbali. Akakaa kwenye cherehani bila kuikanyaga. Kumwendea Shemeji hakufai, ameshapata alichokitaka. Kumwita Mkaguzi hakufai, sahani ameshaziona. Kununua nondo hawezi. Mtu pekee mjini aliyejua jinsi ya kuifunga ile nyumba, na aliyejua kwa hakika kwamba haikufungwa, alikuwa yule tapeli. Na tapeli yule hakuwa na sababu duniani ya kufanya kazi.

Basi ilibidi apewe sababu.

Mama Sindano alikumbuka jinsi tapeli yule alivyoingia maishani mwao. Hakuitwa, hakutumwa. Aliingia kwa masikio.

Siku zile Daktari alikuwa akija kila asubuhi kudai kilichobaki kwenye malipo yake, na mwenye nyumba kila asubuhi alikuwa ametoka kidogo. Daktari alikaa kwenye benchi chini ya dirisha la Mama Sindano, akisubiri na kulaani upotovu wa binadamu. Asubuhi moja, mara tu alipokaa, juu yake dirisha lilisogezwa kidogo na sauti ya mtu anayejitahidi kunong'ona ikaanza kuongea kwenye simu.

"Hapana, mama. Shemeji hajui. Angejua, nyumba hii angekuwa ameshaitafuna kwa meno... Ndiyo, vyote. Vikuku vya dhahabu na ule mkufu mzito... Si unamjua dada, aliogopa mumewe angeviuza. Wajenzi walipofika usawa wa sakafu ya juu aliwaita chini wanywe chai, yeye akapanda. Akavitia ndani ya ukuta, kwenye mstari wa mbao za sakafu... Upande upi? Hapo ndipo alipokufa na siri yake, mama. Unaweza kuwa wowote... Mimi nivunje? Nitoboe ukuta kwa kisingizio gani? Nitakufa maskini, mama, dhahabu iko chini ya miguu yangu... Ngoja, kuna mtu hapa chini."

Dirisha likafungwa.

Mtu anayeishi kwa kuwadanganya wenzake mchana kweupe haamini chochote anachoambiwa. Huamini kile tu alichokisikia kwa kuiba. Daktari alibaki kwenye benchi, mdomo wazi, akiuhesabu mstari wa mifuniko ya sufuria uliokuwa juu ya kichwa chake. Ilikuwa imebandikwa palepale, usawa wa mbao za sakafu. Akajiona mjinga.

Kesho yake alifika na mashine ya kutoboa ya kukodi, mkokoteni wa nondo zilizochongwa meno kwenye ncha, na sahani za chuma cha kweli.

"Mzee," alimwambia mwenye nyumba, ambaye siku hiyo alishindwa kutoka kidogo kwa sababu mkokoteni uliziba lango. "Dhamiri inanisumbua."

"Kwa bei gani?"

"Bure. Nyumba yako nataka iwe mfano. Nondo zangu, jasho langu. Hata kile kilichobaki nimekusamehe."

"Bure kabisa?"

"Kabisa."

"Basi acha ikusumbue," alisema mwenye nyumba, akaenda mwenyewe kuleta ngazi.

Daktari alianza na ukuta wa ubavuni. Alimshauri Mama Sindano atoke kwa sababu ya vumbi. Mama Sindano alijifunga mtandio puani, akavuta kigoda, akaendelea kupindia suruali ya mtu.

"Hiki ni chumba changu, Daktari. Toboa tu."

Shimo la nondo hutosha kidole gumba. Lile la Daktari lingempitisha paka. Aliingiza mkono mpaka begani, akapapasa, shavu limebanwa ukutani, macho yanatazama dari kama ya mtu anayeombewa.

"Kubwa hivyo?" aliuliza Mama Sindano.

"Nondo inahitaji kupumua."

"Naona unaipapasa kabla haijaingia."

"Napima unyevu."

Hakukuwa na kitu. Alikusanya vifaa, akasema nondo zitatiwa zote kwa pamoja baadaye, mashimo kwanza.

"Hapana," alisema Mama Sindano, akakata uzi kwa meno. "Shimo likitobolewa, linapata nondo, linajazwa saruji, nati inakazwa, ndipo linafuata jingine. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwa boksi. Ukiniachia nyumba ina matundu, nampigia Shemeji kelele aje aone unatafuta unyevu gani humo ndani."

Daktari akafikiria nini kingetokea mwenye nyumba akianza kujiuliza. Akatia nondo.

Ukawa ndio mwendo. Alitoboa, akapapasa, akakosa, na kwa sababu mwanamke yule hakutoka kwenye kigoda chake, akalazimika kuipitisha nondo chini ya mbao hadi ukuta wa pili, ambako alitoboa tena, akapapasa tena, akakosa tena. Mifuniko ya sufuria ilianguka uani mmoja mmoja. Sahani za kweli zikachukua nafasi zake. Mikono iliyokuwa haijawahi kushika kitu kizito kuliko maneno iliota malengelenge, yakapasuka, yakaota mengine. Na kwa kuwa hakuwa mjinga, kazi ikaanza kumnyooka. Saruji yake ilishika. Nati zake zilikaza. Alipojikuta siku moja akirudia shimo kwa sababu halikunyooka, aliingiwa na hofu ya kweli.

Watu wa mtaa walikuwa wakikusanyika. Fundi anayefanya kazi kwa ari ya namna ile walikuwa hawajamwona.

Lilibaki shimo moja. Lilikuwa kwenye pembe yenye ufa, pale ambapo vitanda vya watoto vilikuwa vikisimama. Daktari aliliacha liwe la mwisho kwa makusudi, kwa sababu mtu akificha kitu cha thamani, alifikiri, hukificha pembeni. Safari hii alitoboa kutoka nje. Mwenye nyumba alikuwa chini ameishikilia ngazi yake ya alumini, si kwa ajili ya aliyepanda, bali isipindwe, huku akiwaeleza watu gharama kubwa aliyoingia. Ndani, Mama Sindano alikuwa amelala kifudifudi kando ya ubao wa sakafu uliong'olewa, nondo tayari imetoka ukuta wa pili na kufika mkononi mwake.

Tofali la mwisho lilitoa vumbi, mwanga ukapenya. Daktari akamulika kwa tochi. Jicho moja lilikuwa likimtazama.

"Mama."

"Naam, Daktari."

"Humu hamna kitu."

"Nimo mimi."

"Mama, tusitaniane. Hili ndilo shimo la mwisho."

"Najua."

"Na hamna kitu."

"Hata kwenye la kwanza hamkuwa na kitu."

Barabarani baiskeli ilipita ikipiga kengele.

"Ile simu," alisema Daktari polepole.

"Haikuwa na chaji."

"Na mama yako?"

"Anaishi. Lakini hakuongea na mimi siku ile."

"Umenipiga changa la macho!"

"Mchanga ulikuja nao mwenyewe, kwenye mkokoteni."

"Mimi! Nondo nimenunua kwa pesa yangu! Tazama viganja vyangu, mama, tazama!"

"Sivioni. Shimo dogo. Hili umelitoboa vizuri kuliko yote."

Daktari akaegemeza paji la uso kwenye matofali. Alipoongea tena hakuwa na ile sauti ya kitaalamu.

"Sawa. Umeshinda. Lakini hii ya mwisho siifungi. Baki na shimo lako, na mimi niondoke na kitu, hata kama ni hicho tu."

Mama Sindano aliishika nondo kwa mikono miwili.

"Daktari, nyuma ya tundu hili ni mahali pa kulala mwanangu wa mwisho. Nyingine zote umezifunga. Pembe hii isipofungwa, ndiyo itakayoondoka."

"Ungemwomba shemeji yako."

"Nilimwomba. Ulikuwepo. Halafu ukamuuzia mifuniko."

Daktari alianza kuirudisha spana mfukoni.

"Fundi!" Sauti ilitoka chini. Alikuwa muuza magodoro wa nyumba ya ng'ambo. "Ukimaliza hapo, uje kwangu! Pembe zangu zote zimeachana."

"Na kwangu!" alidakia mwanamke mwenye duka la mkaa. "Mimi nilikuwa wa kwanza kusimama hapa!"

Daktari aligeuka juu ya ngazi. Chini yake kulikuwa na kundi la watu, nyuso zimeinuliwa, na mikono ya wengine ilikuwa tayari mifukoni. Maisha yake yote alikuwa akizifukuzia nyuso za namna ile mitaani. Leo zilikuja zenyewe, zikapanga foleni. Akafikiria soko, na mifuniko yote ya masufuria iliyomo. Lakini watu hawa walikuwa wakitazama shimo, na fundi anayeacha shimo wazi hapewi kazi nyingine.

"Ilete hiyo nondo," alisema kupitia tunduni.

Mama Sindano akaisukuma. Ikatokeza nje yenye meno yanayong'aa. Daktari akaivalisha sahani, akaizungusha nati, akatia spana, akakaza, akabadilisha mkono, akakaza tena mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Ukuta ulitoa sauti ndogo, kama mtu anayejiweka sawa kitini. Ndani, nondo iliyokuwa imelegea mkononi mwa Mama Sindano ilinyooka. Aliigonga kwa mkasi wake, ikalia sauti nyembamba. Akaigonga tena, kwa raha tu.

Daktari aliposhuka alipigiwa makofi. Muuza magodoro alikuwa ameshatoa noti, anazinyoosha.

"Chukua hizi za kuanzia, fundi."

Mkono wa Daktari ulikuwa umeshafika nusu ya njia dirisha la juu lilipofunguka.

"Jirani! Zirudishe mfukoni!"

"Kwa nini tena, Mama Sindano?"

"Kwanza nondo ipite chumbani mwako, kutoka ukuta huu hadi ule, uishike kwa mkono wako. Ndipo ulipe."

"Kwani zipo zisizopita?"

"Muulize teknolojia ya nondo fupi."

Watu wakacheka, ingawa wengi hawakuelewa. Muuza magodoro hakucheka. Noti zilirudi zilikotoka.

"Basi fundi, kazi ikiisha nitakulipa yote kwa pamoja. Si vibaya?"

"Hata mimi nilitaka hivyohivyo," alisema Daktari, kwa sauti ya mtu aliyetoka kung'olewa jino. Akavitazama viganja vyake. Akaitazama nyumba ya muuza magodoro, kubwa, ndefu, kuta zake nene. Hapo mbele yake ilikuwepo kazi halali, ya jasho, yenye malipo ya uhakika mwishoni. Wachache waliomtazama usoni wakati ule walidhani anaumwa.

"Mzee," alimgeukia mwenye nyumba. "Nitaiomba ngazi yako nikaanze kwa jirani."

"Ngazi hii? Hii ni alumini, haiazimwi ovyo. Labda kwa kukodi."

"Kodi nitalipa mimi," alisema muuza magodoro.

"Basi ichukue," alisema mwenye nyumba upesi, kabla jirani hajabadili nia.

Daktari akavua kofia ya njano, akamvalisha mwenye nyumba kwa mikono miwili, kama anayemtawaza. "Nishikie hii mpaka nirudi, mzee. Kwa leo mtaalamu ni wewe." Mashine ya kutoboa akaitia begani, ngazi akaiweka bega la pili, akamfuata muuza magodoro aliyetangulia kwenda kufungua mlango.

Walipofika ukingoni mwa barabara, muuza magodoro alivuka. Lori refu likapita. Lilipomaliza kupita, muuza magodoro alikuwa upande wa pili akihangaika na kufuli, na Daktari wa Kuta alikuwa bado upande huu, lakini ameelekea kwingine kabisa. Hakukimbia. Alitembea kama mtu anayeitwa mahali, ngazi ikimeremeta juu ya vichwa vya wapita njia.

Aliyemwona ni mmoja tu, Mama Sindano, aliyekuwa bado dirishani. Chini yake mwenye nyumba, kofia imemfika kwenye nyusi, alikuwa akimweleza mwenye duka la mkaa kwamba tofali haliogopi mzigo. Kelele moja ingetosha. Mtaa mzima ungemfikia Daktari kabla hajakata kona.

Mama Sindano aliutazama ukuta. Akaitazama ngazi ikienda zake. Ngazi ilikuwa ya Shemeji.

Akafunga dirisha, akachukua nyundo, akaurudisha ule ubao wa sakafu mahali pake, akaanza kuupigilia misumari kwa nguvu zote, ili chini mtu akianza kupiga yowe la mwizi, yeye asisikie.